Samaki Mgeni Apewe Siku Thelathini

Mada: Kuzuia magonjwa na vifo vya ghafla kwa samaki wapya wa maji ya chumvi

Kama mtoto analia, mbebe kwanza, kisha uje na kalamu na karatasi, kwa maana leo kuna mambo kadhaa ya kuandika.

Mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tumezoea kuzungumza juu ya chanjo, lishe, malaria na kuhara. Leo tutazungumza juu ya samaki. Si samaki wa kukaanga wala wa kupaka, ni wale wa rangi wanaofugwa ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi.

Pengine unauliza, muuguzi na samaki wa mapambo wapi na wapi? Sababu ni tatu. Kwanza, tangi likishafika nyumbani, mtunzaji huwa ni mama au msichana wa kazi. Baba hununua, watoto hushangilia, kisha kila mtu huenda zake. Samaki akifa, lawama hurudi kwa yule aliyebaki nyumbani. Pili, mambo yanayowaua samaki wapya ni yale yale tunayopigana nayo kliniki: maji machafu, vijidudu, haraka, na dawa za kubahatisha. Tatu, tangi lisilotunzwa vizuri linaweza kumdhuru mtoto wako.

KIFO CHA GHAFLA SI CHA GHAFLA

Tangu filamu ya katuni ya Finding Nemo ilipotoka mwaka 2003, watoto wengi wamemjua yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari mieupe. Mtoto akimwona dukani, humtaka. Mzazi humnunua, hutiwa tangini jioni, na siku ya tatu anaelea tumbo juu. Mtoto analia. Majirani wanasema ni kijicho. Mzazi anarudi dukani kununua mwingine, naye anakufa vivyo hivyo, na safari hii anawaua hata wale wa zamani.

Mama mpendwa, mara nyingi kifo hicho hakikuwa cha ghafla. Kilianza siku nyingi kabla hujamwona samaki mwenyewe.

Samaki wengi wa mapambo wa maji matamu huzaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji. Wale wa maji ya chumvi ni tofauti, kwa kuwa wengi wao huvuliwa baharini kwenye matumbawe. Hapa kwetu Pwani, kule Kwale, Mombasa na Kilifi, kuna wapiga mbizi wenye leseni wanaofanya kazi hiyo, na samaki wengi wanaowatoa husafirishwa kwa ndege hadi nchi za ng'ambo. Samaki hukimbizwa, hunaswa wavuni, hukaa bohari, hutiwa mfukoni, husafirishwa, na hukaa dukani pamoja na wageni wenzake waliotoka kila mahali. Siku nyingi za safari hiyo hali chochote. Hofu na njaa hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na vijidudu, kama vile mtoto mwenye utapiamlo anavyoshikwa upesi na kila ugonjwa unaopita.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Samaki wa baharini anaweza kufa kwa kukaukiwa na maji, ingawa yumo ndani ya maji. Bahari ina chumvi nyingi kuliko mwili wake, kwa hiyo chumvi ile huvuta maji kutoka mwilini mwake mchana na usiku. Ili aishi, hunywa maji ya bahari bila kukoma na kuitoa chumvi kupitia matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia. Ngozi yake imepakwa ute unaomlinda. Ute ukikwaruzwa kwa wavu, au matamvua yakiliwa na vimelea, maji humtoka mwilini kama yanavyomtoka mtoto anayeharisha. Ndiyo maana ugonjwa wa siku mbili tu humwangusha.

NGOJEA MAJI KWANZA

Kosa la kwanza ni kununua tangi na samaki siku moja. Maji mapya yanaonekana safi, lakini hayajawa tayari.

Samaki hutoa taka iitwayo amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki kikioza, nacho hutoa amonia. Amonia huunguza matamvua, na samaki hutweta kama mtu aliyefungiwa katika chumba chenye moshi. Baharini taka hiyo hupotea kwa ukubwa wa bahari. Ndani ya tangi inahitaji kuliwa na bakteria wazuri wanaoishi juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na ukali mwingi, nayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila baada ya muda.

Bakteria hao hawaji kwa siku moja. Huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuwa wengi vya kutosha. Kwa hiyo tangi jipya liwashwe pampu na chujio, litiwe chakula kidogo cha samaki kioze humo, kisha lipimwe kwa vipimo vinavyouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Vipimo vikionyesha kwamba amonia imepanda kisha ikashuka hadi sifuri, na nitriti nayo imepanda ikashuka hadi sifuri, hapo maji yameiva. Kabla ya hapo usiingize samaki, hata mtoto akililia vipi.

Andika na haya. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 25 na 27. Chumvi iwe karibu na ile ya bahari, yaani kiasi cha gramu 35 kwa kila lita. Kipima chumvi kitaonyesha kama 1.025. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa bahari ina madini mengine kama kalisi na magnesiamu. Nunua chumvi maalumu ya matangi. Maji ya mfereji yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwanza, kwa sababu klorini inayotulinda sisi na kipindupindu huua samaki pamoja na bakteria wazuri.

Tena kumbuka mchuzi uliosahauliwa mekoni. Maji hupungua lakini chumvi hubaki, na mchuzi unakuwa mkali. Tangi ni vivyo hivyo. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matamu yaliyoondolewa klorini. Ukiongeza ya chumvi kila siku, utawakausha samaki.

KUMCHAGUA NA KUMPOKEA MGENI

Usinunue samaki siku ile ile aliyofika dukani. Muulize muuzaji alifika lini. Kisha mwombe amlishe mbele yako. Samaki asiyekula dukani hatakula kwako. Mtazame kwa dakika tano nzima. Je, anaogelea wima? Macho ni angavu? Mapezi yamekunjuka? Ana doa, ute uliochuja au tumbo lililobonyea? Angalia pia majirani zake. Kama ndani ya tangi lile kuna mmoja aliyekufa au anayejikwaruza kwenye mawe, usinunue hata mmoja.

Kuna kipimo kimoja ambacho sisi wauguzi tunakijua vizuri. Mtoto anayekohoa tunamhesabia pumzi kwa dakika moja kamili, ili tujue kama ana nimonia. Fanya hivyo kwa samaki. Hesabu ni mara ngapi anafungua na kufunga matamvua kwa dakika moja, ulinganishe na wenzake wa aina ile ile. Anayetweta kuwazidi wote ni mgonjwa. Iandike hesabu hiyo, utaihitaji nyumbani.

Ukifika nyumbani, zima taa ya tangi na uuache mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kama safari ilikuwa fupi, ufungue mfuko na uongeze nusu kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Kisha mhamishe samaki peke yake. Maji ya mfuko usiyatie tangini. Yamwage, kwani yamejaa taka na pengine vimelea.

Kama samaki amekaa mfukoni kwa saa nyingi, fanya tofauti. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu anayopumua hupunguza ukali wa amonia. Ukishaufungua mfuko, hewa ile hutoka na amonia hurudia ukali wake. Hapo hakuna nafasi ya kuongeza kikombe kikombe. Muulize muuzaji mapema kiwango cha chumvi alichotumia, ukiandae chombo cha mgeni kiwe na chumvi na joto lile lile, na umhamishe upesi baada ya kufungua.

KARANTINI YA SIKU THELATHINI

Sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu jembe lake ni baada ya siku 30.

Karantini ni kumweka samaki mpya peke yake katika tangi dogo, mbali na wengine, mpaka uhakikishe hana ugonjwa. Ni kama tunavyomtenga mtoto mwenye surua asiambukize darasa zima. Tangi hilo si lazima liwe la fahari. Tangi la lita 40 hadi 80 linatosha samaki mdogo. Liwe tupu bila mchanga wala mawe, ili ukiweka dawa isinyonywe na mawe. Weka vipande vya mabomba ya plastiki ajifiche humo, maana samaki mwenye hofu asiye na pa kujificha hali. Weka hita, pampu ya hewa, na chujio la sifongo. Sifongo hiyo ikae katika tangi kubwa kwa wiki kadhaa kabla, ipate bakteria wazuri. Pima amonia kila siku. Ikionekana, badilisha robo ya maji kwa maji ya chumvi yaliyokwisha kutengenezwa.

Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya tangi hilo peke yake. Lihudumie tangi kubwa kwanza, la mgeni mwisho, kisha unawe mikono. Liweke mbali kiasi kwamba matone hayarukii tangi jingine. Vimelea vya samaki husafiri kwa tone la maji.

Kwa nini siku 30? Kwa sababu magonjwa haya hujificha. Samaki anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kumbe amebeba vimelea vichache ndani ya matamvua. Ukimtia tangini siku ya pili umeingiza ugonjwa kwa wote. Ikitokea dalili siku ya 20, hesabu inaanza upya baada ya kupona.

MAGONJWA MATATU YA KUYAJUA

La kwanza ni madoa meupe. Samaki huonekana kana kwamba amenyunyiziwa chumvi, na hujisugua kwenye mawe. Kimelea chake hukaa mwilini siku 3 hadi 7, kisha huanguka chini na kujifunga katika ganda. Mama humwona samaki amesafika akadhani amepona. La, hasha! Ndani ya ganda lile wanazaliwa wadudu kwa mamia, nao hutoka baada ya siku chache au wiki kadhaa kutafuta samaki. Mara ya pili madoa huja kwa wingi. Ugonjwa huu ukiingia tangi kubwa, samaki wote huhamishiwa matibabu, na tangi huachwa bila samaki kwa wiki 6 au zaidi. Wafugaji waangalifu huliacha hadi siku 76, ili wadudu wote wafe njaa.

La pili ni ugonjwa wa vumbi. Madoa yake ni madogo sana, kama vumbi la dhahabu au kijivu, na mara nyingi huyaoni kabisa kwa kuwa huanzia ndani ya matamvua. Dalili yake ni kutweta, kuacha kula, na kuogelea mbele ya mkondo wa pampu akitafuta hewa. Huu ndio unaoua kwa siku mbili au tatu, na watu husema alikufa bila kuugua. Ndiyo sababu nikasema uiandike hesabu ya pumzi. Ikipanda leo kuliko jana, usingoje kesho.

La tatu huwashika hasa samaki wa chungwa na nyeupe wapendwao na watoto, wakiwa wamevuliwa baharini. Ngozi hutoa ute mwingi mweupe unaochanika kama utando wa maziwa. Nao huua haraka.

JUU YA DAWA

Madoa meupe na ugonjwa wa vumbi hutibiwa kwa dawa zenye shaba. Shaba ndiyo iliyomo ndani ya mrututu. Lakini sikiliza vizuri: shaba ikipungua haiponyi, ikizidi inaua samaki. Kiwango cha shaba ya kawaida ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, na hupimwa kila siku kwa kipimo chake. Dawa za viwandani hutofautiana, kwa hiyo fuata karatasi ya dawa au maagizo ya daktari wa mifugo anayejua samaki. Mrututu wa shambani usiutie kwa kijiko. Tena shaba hutumiwa katika tangi la karantini tu, kwa maana huua kamba, konokono na matumbawe ya tangi kubwa. Huo ugonjwa wa tatu wa ute hauponi kwa shaba. Utafutie ushauri siku hiyo hiyo.

Na nyumbani mwenye watoto, mrututu ni sumu kali yenye rangi nzuri ya buluu inayomvutia mtoto. Usiihifadhi dawa yoyote ya samaki ndani ya chupa ya soda. Iandike jina, ifungie juu. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

VIFO VINAVYOTOKA NDANI YA NYUMBA

Sasa kuna samaki wanaokufa usiku mmoja, wote kwa pamoja, bila ugonjwa wowote. Hapo tazama nyumba yako.

Dawa ya kupuliza mbu na mende ni hatari sana kwa samaki. Kiasi kidogo kinachotua juu ya maji kinatosha, na pampu ya hewa huivuta ndani. Usipulize chumba chenye tangi. Vyandarua vyetu vilivyotiwa dawa navyo vina dawa za jamii hiyo hiyo. Kwa mtu ni salama, kwa samaki ni sumu. Endelea kulala ndani ya chandarua pamoja na watoto wako, lakini ndoo uliyofulia chandarua isitumike kwa tangi kamwe. Wala usikifulie mtoni au kwenye bwawa.

Sabuni, dawa ya kufulia nguo nyeupe na mafuta ya kujipaka pia huua. Ndoo ya tangi iwe mpya, iandikwe, isiguswe kwa kazi nyingine. Kabla ya kutia mkono tangini, usuuze kwa maji mengi mpaka mafuta na sabuni vitoke.

Maji ya mvua yaliyotiririka juu ya mabati yanaweza kubeba zinki. Hayafai.

Stima ikipotea, pampu husimama. Maji ya chumvi hushika hewa kidogo kuliko maji matamu, na yakiwa na joto hushika kidogo zaidi. Kuwa na pampu ndogo ya betri. Usipokuwa nayo, chota maji ya tangi kwa kikombe kisafi na uyamimine kutoka juu, tena na tena, ili yachanganyike na hewa. Wakati huo usiwalishe samaki.

Na chakula: wape kidogo kinachoisha kwa dakika mbili tatu. Mtoto akilisha, baba akalisha, shangazi naye akalisha, maji yataoza. Chagueni mlishaji mmoja.

MTOTO NA TANGI

Vidonda vya mkononi vifunikwe, au uvae glavu kabla ya kutia mkono tangini. Kuna bakteria wa majini anayeingia kwenye mkwaruzo na kuleta uvimbe au kidonda kisichopona kwa majuma mengi. Ni wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, ingawa ugonjwa wenyewe si kifua kikuu. Ukiwa na kidonda kama hicho, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, la sivyo huenda asiufikirie.

Usinyonye maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira. Vyombo vya tangi visioshwe kwenye sinki la jikoni. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa tangi. Usichemshe wala kusugua nyumbani mawe yenye viumbe vya matumbawe, kwa maana baadhi yao wana sumu kali inayoweza kupanda na mvuke.

Usiweke nyumbani samaki mwenye miiba ya sumu kama kuna watoto. Mtu akichomwa, aloweshe sehemu hiyo katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, yasiyomwunguza, na apelekwe hospitali. Mtu mzima ayapime maji kwanza kwa mkono wake.

Ndoo za maji zifunikwe au zimwagwe, maana mtoto mdogo huzama hata kwenye maji machache. Meza ya tangi iwe imara isiangukie mtoto. Waya wa umeme ulegee chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye stima.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Swali: Nina kapsuli za antibiotiki zilizobaki mtoto alipougua. Naweza kuwapa samaki wenye madoa?
Jibu: Hapana. Magonjwa matatu tuliyoyataja huletwa na vimelea, na antibiotiki hizo haziviui. Utaua bakteria wazuri wa chujio, amonia ipande, na samaki wafe upesi zaidi. Tena kutumia antibiotiki ovyo huwafundisha bakteria kuishinda dawa, na kesho hiyo dawa haitamsaidia mwanao. Wala kapsuli hizo hazikupaswa kubaki. Mtoto amalize dozi.

Swali: Naishi karibu na bahari. Si afadhali niteke maji pwani?
Jibu: Waweza, kama maji ni safi. Yateke wakati maji yamejaa, mbali na bandari, midomo ya mito na mifereji ya maji taka, wala si baada ya mvua kubwa. Maji ya bahari huja na vimelea na taka ambazo huzioni. Kama huna hakika na mahali, tumia chumvi maalumu.

Swali: Watoto wangu hushika samaki wadogo kwenye vidimbwi maji yakipwa. Wanaweza kuwaleta nyumbani?
Jibu: Wafundishe kuwatazama na kuwaacha. Katika hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite hairuhusiwi kutoa kitu. Kwingineko, kukusanya samaki wa mapambo kunahitaji kibali. Muulize afisa wa uvuvi wa eneo lako.

Swali: Nimechoka na samaki. Niwarudishe baharini?
Jibu: Usifanye hivyo. Waweza kupeleka ugonjwa wa tangi kwa samaki wa baharini, au kupeleka aina isiyo ya mahali hapo. Mwombe muuzaji awachukue, au mpe mfugaji mwingine.

Swali: Samaki amekufa na mtoto wangu wa miaka mitano hataki kula. Nimwambie amelala?
Jibu: Mwambie ukweli kwa maneno machache: samaki amekufa, hataamka, na si makosa yako. Ukimwambia amelala, huenda mtoto akaogopa kulala. Mzikeni pamoja bustanini, paka asimfukue. Usikimbilie kununua mwingine kesho yake. Kwanza pima maji na ujue kilichomuua.

TUYARUDIE KABLA YA KUAGANA

Ngojea maji yaive kwa wiki 4 hadi 6.
Nunua samaki anayekula mbele yako, na umhesabie pumzi.
Maji ya mfuko yamwagwe.
Mgeni akae karantini siku 30, na vyombo vyake peke yake.
Dawa kwa kipimo, kamwe si kwa kubahatisha.
Dawa ya mbu, sabuni na ndoo ya kufulia vikae mbali na tangi.
Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kazi.

Kama huna muda wa haya yote, mweleze mwenye nyumba waziwazi kabla hajanunua. Samaki huyu alikuwa akiishi vizuri baharini. Kama tumemtoa huko tukamleta sebuleni, tuna deni la kumngojea. Na mtoto anayeona mama yake akingoja siku 30 kabla ya kumchanganya mgeni na wenyeji, atakuwa amejifunza jinsi ugonjwa unavyozuiwa, hata kwa binadamu.